Kuni za Wageni

Nianze na jambo ambalo majirani wa Shirimatunda wanalijua na kwa huruma yao hawalisemi mbele yangu. Dada yangu Dominika alikufa kwa kifua, na moto uliokuwa ukiifukiza nyumba yake nilikuwa nauwasha mimi. Padri amenikataza kuongea hivyo. Daktari naye alisema kifua cha dada kilianza kuharibika utotoni, kwenye jiko la mama kule Kilema, na kwamba haiwezekani kumnyooshea mtu mmoja kidole. Nawashukuru wote wawili, lakini hawakuwepo ile Alhamisi ya ukaguzi.

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mtu wa boila kwenye kiwanda kidogo cha kufulia cha Bwana Yassin. Tunafua mashuka na mataulo ya mahoteli ya mjini, pamoja na ile mifuko mizito ambayo watalii hulalia wakipanda mlima. Boila lenyewe ni kuukuu, lilinunuliwa kwenye kiwanda kilichofungwa, na linakula kuni kuliko ng'ombe wa maziwa anavyokula majani. Kazi yangu ni kulilisha, kuangalia maji na mshale wa mvuke, na kukwangua masizi nikipata nafasi, yaani mara chache. Wasichana wa pasi wakipiga kelele, "Mzee Primus, mvuke!" nawajibu kwamba mvuke si umbea, hauji kwa kuitwa. Niliipenda kazi hiyo na nilijivuna nayo. Nani mwingine ukoo mzima alikuwa ameshika mtambo?

Tulichoma chochote kilichopatikana. Miti mibichi ya mgrivea, mabanzi kutoka mashine za mbao, na zile mbao ambazo mafundi ujenzi wamekwisha kumwagia zege, zimejaa saruji, rangi na misumari. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, na bomba letu lilikuwa fupi, halifiki hata kimo cha paa la jirani. Jirani huyo alikuwa Dominika.

Dada alinizidi miaka tisa. Mama alipokuwa kwenye shamba la kahawa, mgongo niliolalia ulikuwa wa Dominika. Hakuolewa wala hakuzaa, na watu walipomuuliza watoto alikuwa akinionyesha mimi, hata nilipokuwa na mvi. Alinunua kiwanja Shirimatunda kabla hapajajaa nyumba, akalima mboga, na kiwanda kilipojengwa pembeni yake ni yeye aliyekwenda kwa Bwana Yassin kuniombea kazi. Kila siku saa saba mchana alinipitishia sahani ya kiburu juu ya seng'enge, ndizi na maharage vimepondwa vizuri, na mimi nilikula nimesimama huku yeye akinisimulia habari za nyumbani.

Alipoanza kukohoa sikushtuka. Nani hakohoi?

"Primus, huu moshi wako unanimaliza," aliniambia siku moja. "Nikianika nguo naanua masizi. Usiku sipati pumzi."

"Dada, wewe si umelelewa jikoni kwa mama? Mtu aliyekulia kwenye moshi anaogopa moshi?"

Alicheka kidogo, kisha kikohozi kikamkatisha. Nilichukua sahani yangu nikarudi kwenye moto. Nilimwona mdekaji, na hilo naliandika ingawa linaniuma.

Alilalamika kwangu mwaka mzima. Mwezi wa tano mwaka jana akachoka na mimi, akaenda ofisi ya mtaa, na kutoka huko malalamiko yakapanda hadi kwa watu wa mazingira. Siku chache baadaye barua ikaja kiwandani. Ilisema kwamba hata maboila madogo kama letu yana sheria zake. Kuni ziwe kavu na safi, zisizo na rangi wala dawa. Mtambo usafishwe na kurekebishwa na fundi kwa muda uliopangwa. Bomba lizidi mapaa ya majirani, na kila siku hali ya moshi iandikwe daftarini. Mkaguzi angekuja Alhamisi, baada ya wiki mbili. Chini kabisa kulikuwa na jina la mlalamikaji.

Nilipolisoma jina hilo damu ilinipanda kichwani. Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema kwa sauti, hadi wasichana wa pasi wakageuka. Saa saba ilipofika, sahani ikatokea juu ya seng'enge kama kawaida. Sikwenda kuipokea. Niliona mkono wake umeishikilia pale muda mrefu, kisha ukashuka. Kesho yake tena, na keshokutwa. Siku ya nne sahani haikuja.

Bwana Yassin hakukasirika. Watu humdhania vibaya kwa sababu ni tajiri kidogo, lakini mimi namjua. Aliagiza mabati mazito ya kurefushia bomba, yakalazwa uani, na akamwita Mashaka, fundi wa kuchomelea kutoka Njoro, aje kupima.

"Mzee Primus," aliniambia, "wakisema lirefushwe, narefusha wiki hiyohiyo. Wakisema liko sawa, basi tuendelee na kazi, maana msimu wa wapanda mlima umeingia na siwezi kuzima boila bure. Wewe niandalie mahali pawe pazuri."

Mimi nilichokisikia ni kwamba wageni wanakuja.

Hapa lazima nieleze jiko la mama. Mama alikuwa na kuni za aina mbili. Za kila siku zilirundikwa mlangoni, mbichi au zimenyeshewa, na hizo ndizo zilizotutoa machozi sisi wa nyumbani. Za wageni zilikaa darini, juu ya moto, miezi hata miaka, hadi zikawa nyepesi mkononi. Ilikuwa mwiko kuzigusa siku ya kawaida. Mgeni akipiga hodi, mama alimwambia Dominika apande, naye alipanda na kuteremsha mzigo, na moto ukawaka safi, hauna moshi hata kidogo. Mgeni njoo mwenyeji apone, mama alisema, na mgeni asilie nyumbani kwangu kabla hajaniona mimi nikilia. Sisi watoto tulisogea karibu tupate kupumua. Dominika ndiye aliyekuwa akiniambia, "Omba Mungu alete mgeni kesho pia."

Kwa hiyo nilifanya nilivyolelewa. Kwa wiki mbili nilikusanya vigogo vya kahawa kuukuu na matawi yaliyokauka, nikavipasua, nikavipanga ukutani mwa boila ambapo joto linafika. Nilikwangua masizi yote. Nilifagia uwanja na kupaka mawe chokaa. Sikuona kwamba nadanganya. Nani anayempokea mgeni kwenye uwanja mchafu?

Daftari, hapo sijitetei. Safu ya hali ya moshi ilikuwa tupu kwa miezi mitatu. Jumatano asubuhi nilikaa kwenye kigoda nikaandika "mweupe" kuanzia juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa, hadi mkono ukaniuma.

Alhamisi mkaguzi alifika, binti mmoja aitwaye Faraja, amevaa viatu vizito vya kazi na kubeba mkoba wa vipimo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Karibu sana, hapa ni nyumbani."

Nilimletea kiti na soda. Alisoma daftari, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akatoa kadi yenye vivuli, kuanzia mweupe hadi mweusi tii, akanyoosha mkono na kuilinganisha na ncha ya bomba. Pale juu kulikuwa na hewa inayotetemeka kwa joto, basi. Akaingiza kipimo chake kwenye tundu la bomba, akasubiri, akaandika. Bwana Yassin alinitazama kwa mshangao, kwani hata yeye hakuwahi kuliona bomba lake likiwa hivyo. Nilifurahi sana. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa.

Kisha Faraja akaenda kwenye seng'enge, ambako dada alikuwa amesimama na kanga imefunika kifua.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mlalamikaji?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Huu ndio moshi uliousema?"

Dominika alitazama bomba. Akatazama rundo la kuni nyuma yangu, zile nyepesi, kavu, zilizopasuliwa kwa kipimo kimoja. Halafu akanitazama mimi. Alijua papo hapo, maana ndiye aliyekuwa akipanda darini.

"Leo hakuna moshi," alisema.

"Na siku nyingine?"

Alikohoa, akajishika kwenye nguzo hadi kikapita. "Muulize mwenye moto," alisema. "Ni mdogo wangu. Atakwambia."

Faraja aligeuka. "Mzee?"

Hapo ndipo mahali penyewe. Nimeparudia mara nyingi kichwani na kila mara najibu vingine. Nasema, binti, leo ni siku ya wageni, njoo kesho bila kuniambia. Maneno machache tu, na mabati yako pale uani, na Mashaka yuko Njoro anasubiri kupigiwa simu. Lakini nilikuwa na soda yake mkononi, bosi wangu ananiangalia, na moyoni bado nilikuwa na lile jina nililolisoma kwenye barua.

"Ni kama unavyoona, binti," nilisema.

Akaandika kwamba hakuna tatizo. Kuhusu bomba alisema kwamba moshi ukiwa hivi, urefu unaweza kungoja hadi ukaguzi mwingine. Akaaga, akashukuru kwa soda, akaondoka.

Dada hakuondoka pale kwenye seng'enge. Nilijifanya nafagia.

"Umewasha kuni za wageni," alisema.

"Mama alitufundisha hivyo, dada."

"Najua. Nilikuwepo." Akavuta pumzi, nikaisikia ikipiga filimbi kifuani. "Primus, mdogo wangu. Mimi nitakuwa mgeni lini?"

Hakusema kwa hasira. Nilicheka, nikaendelea kufagia, na yeye akageuka akaingia ndani.

Ijumaa nilirudi kwenye mgrivea mbichi. Yale mabati ya bomba Bwana Yassin aliyatumia kuezeka kibanda cha kuanikia. Kuni kavu zilizobaki zilikuwa za kuchoma siku tatu hivi. Ningeweza kuziwasha. Zilikuwa hatua kumi na tano kutoka dirishani kwa dada. Badala yake nilizifunika kwa turubai na kuziwekea mawe juu. Nilijiambia kwamba wakaguzi watarudi, na mtu hamalizi kuni za wageni siku ya kawaida. Nilizaliwa na mama yule, nikajifunza somo lake, na sikulielewa.

Baridi ikaingia. Mwaka jana mwezi wa sita ulikuwa mbaya, mawingu yalishuka na hatukuuona mlima wiki tatu. Siku kama hizo moshi haupandi. Ulitoka bombani, ukalala juu ya paa la dada, ukashuka ukutani na kuingia madirishani, na nilikuwa nauona kwa macho yangu nikiwa nimeshika koleo. Kazi ilikuwa nyingi, magari ya mahoteli yanaleta mizigo asubuhi na jioni. Dada hakutoka tena kwenye bustani. Mchicha ukakomaa hadi ukatoa mbegu.

Nilikwenda kumwona siku ya Jumamosi, mwisho wa mwezi huo. Alikuwa amekaa kitandani ameegemea mito, hawezi kulala chali. Nilimwambia twende Kilema, hewa ya juu ni nzuri.

"Kilema nani atanipikia? Na mimi nina nyumba yangu," alisema. Alizungumza maneno matatu, akapumzika, matatu mengine. "Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Kiburu kipo. Kwenye sufuria ndogo."

Nilikula nimekaa sakafuni karibu na kitanda chake, kiburu cha baridi, kwa kijiko cha kupikia. Sikuomba msamaha. Nilitaka, na maneno yalikuwa pale kooni pamoja na ndizi, lakini nilikuwa nimenuna muda mrefu hata sikujua pa kuanzia. Nilipoinuka nilimwambia, "Dada, Jumatatu nitawasha zile kuni kavu. Na nitaongea na bosi juu ya bomba."

"Jumatatu," alisema, akanipapasa kichwa kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Jumatatu asubuhi hoteli mbili zilileta mashuka kwa pamoja na lori la mabanzi mabichi likamwaga mzigo mlangoni pa boila. Nikasema Jumanne. Jumanne mchana wakampeleka hospitali, na Jumatano, tarehe mbili mwezi wa saba, akafariki. Nilipoingia wodini walikuwa wamemfunika shuka jeupe. Niliinua ukingo wake na kumwita jina lake kwa sauti, mara nyingi, hadi muuguzi akanishika mkono.

Tulimzika Kilema, kwenye kihamba cha baba, shamba la nyumbani, karibu na mama, kati ya migomba. Bwana Yassin alitoa gari la kiwanda. Kabla hatujaondoka nilikwenda kwenye boila, nikaondoa mawe, nikafunua turubai na kupakia zile kuni zote nyuma ya gari. Aliniona, hakuuliza. Kule nyumbani nilikataza mtu mwingine asiguse moto wa kupikia msiba. Niliwasha mwenyewe, chini ya masufuria makubwa, na moto ukawaka safi mchana kutwa. Wanawake walikaa karibu kabisa wakimenya ndizi, hawafuti macho.

"Primus, kuni hizi umezitoa wapi?" mama mmoja wa ukoo aliniuliza. "Hazina moshi kabisa."

"Ni za Dominika," nilisema. Kisha nililia pale mbele ya masufuria, na watu waliniacha nilie.

Baada ya matanga nilikwenda kwa Bwana Yassin ofisini. Nilimwambia yote, kuanzia daftari hadi turubai. Alisikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Mzee Primus, mabati nilikuwa nayo," alisema. "Yalikuwa hapo uani. Ungesema neno moja." Akatazama dirishani, kule kwenye nyumba isiyo na mtu. "Siku ile nilidhani kweli moshi umekwisha. Hata sikuuliza umeufanyaje, na uliporudi pia sikuuliza. Inna lillahi."

Nilitaka anifukuze. Hakunifukuza, na hilo lilikuwa gumu kuliko kufukuzwa. Alimpigia Faraja simu mbele yangu, akanipa nizungumze. Nilimwambia aje tena, asiniambie siku. Alikuja Jumanne moja ya mwezi wa nane, asubuhi. Sikuwa nimefagia. Nilichukua mbao za zege na mgrivea uliolowa, nikajaza tanuri, na sote watatu tukasimama uani tukitazama. Aliinua ile kadi yake. Moshi ulikuwa mweusi kupita kivuli cha mwisho. Ulikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la dada, ukazunguka pale, hakuna aliyelifunga.

Faraja aliandika, kisha akafunga boila. Kwa wiki tano Mashaka alichomelea, mafundi walisafisha mabomba ya ndani, tukajenga banda la kukaushia kuni. Sasa bomba linazidi paa la dada kwa zaidi ya urefu wa mtu. Daftari naliandika kila siku kwa kuangalia, na kama moshi ni mweusi naandika mweusi. Wasichana wa pasi wakiitisha mvuke nawajibu tu kwamba unakuja.

Mwisho wa mwezi wa tisa Faraja alirudi kufunga jalada. Alipima, akaridhika, akatoa fomu mkobani.

"Hapa anatia sahihi mlalamikaji, mzee. Yule mama jirani. Yupo?"

"Amefariki, binti. Mwezi wa saba."

Aliweka mkono kinywani. Alitazama nyumba, akatazama bustani iliyoota magugu. "Pole sana, mzee. Pole sana." Kisha akasema taratibu, "Basi anaweza kusaini ndugu yake wa karibu. Alikuwa na nani?"

"Alikuwa na mimi."

Alinipa fomu na kalamu. Nilikaa kwenye kigoda changu nikaisoma. Kulikuwa na mstari mmoja tu juu ya nafasi ya sahihi, umepigwa chapa: Nathibitisha kwamba moshi niliolalamikia haunifikii tena.

Nilitafuta uongo ndani yake na sikuuona. Nikatia sahihi, nikamrudishia binti wa watu kalamu yake.